Chumo la Matangazo ya Intaneti: Mwenye Ukuta Haepuki Swali

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeigawa riziki kwa hekima Yake na akawahalalishia waja Wake vilivyo vizuri. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara baada ya darsa ni lile la vijana wenye kurasa zao binafsi katika mtandao wa intaneti. Mmoja huandika habari za mpira, wa pili hufundisha mapishi, wa tatu huweka mawaidha na nyakati za Sala. Kurasa hizo zikishapata wasomaji, huwekwa matangazo ya biashara, na mwenye ukurasa akalipwa kwayo. Swali lao ni fupi: Je, chumo hili ni halali?

Majawabu wanayoyapata misikitini ni ya namna mbili. Wapo wanaoufunga mlango wote, wakasema kuwa fedha zitokazo huko ni za haramu, wala hawaulizi zimepatikanaje. Na wapo wanaoufungua mlango wote, wakamwambia kijana: "Wewe tangazo hukulichagua, limeletwa na mashine. Dhambi ni yake aliyelileta, wewe kula riziki yako." Sisi tunaona kuwa kundi la kwanza linaharamisha kitu ambacho Sheria haikukiharamisha, na kundi la pili linavua dhamana ambayo Sheria imeiweka shingoni mwa kila mchumaji. Na jambo hili si dogo. Kuna mama anayelishwa kwa chumo hilo, kuna ada ya shule inayolipwa kwalo, na zipo sadaka zitokazo humo zikaingia katika masanduku ya misikiti yetu.

Namna chumo hili linavyopatikana

Wanazuoni wetu wana kanuni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi kwanza tulifahamu jambo lenyewe, hasa kwa ajili ya wazee wetu wasiotumia mitambo hii.

Tangazo la picha la kulipiwa lilianza kujulikana katika intaneti tarehe 27 Oktoba 1994, katika jarida la mtandaoni la Marekani liitwalo HotWired, na miongoni mwa waliolipia siku hiyo ilikuwamo kampuni ya simu ya AT&T. Katika siku hizo mwenye bidhaa na mwenye ukurasa walikubaliana wao kwa wao: tangazo gani, kwa bei gani, kwa muda gani. Ilikuwa sawa na mtu mwenye nyumba kando ya barabara kuu, akaja mwenye duka akamwomba achore jina la duka lake ukutani, naye akampa ujira.

Mwaka 2003 kampuni ya Google ilianzisha huduma iitwayo AdSense, na hapo akaingia mtu wa tatu, naye ni dalali. Mwenye ukurasa hujiandikisha kwa dalali, akapewa maandishi machache ya programu ya kuweka katika ukurasa wake. Tangu hapo hakutani tena na mwenye bidhaa. Kila msomaji anapoufungua ukurasa, mashine za dalali hufanya mnada kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na anayepanda bei ndiye ambaye tangazo lake huonekana. Mnada huo hutazama msomaji yuko wapi na hupendelea kutazama mambo gani. Kwa sababu hiyo watu wawili wakiufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, huyu yuko Tanga na yule yuko Maskati, huenda kila mmoja akaona tangazo lisilofanana na la mwenzake.

Ama malipo, mwenye bidhaa akitoa dola 100 kwa njia ya kawaida ya dalali huyu, takriban dola 68 ndizo humfikia mwenye ukurasa, na zilizobaki ni ujira wa udalali. Fedha hazitumwi mpaka zifike kiwango maalumu, nacho kwa wanaolipwa kwa dola ni dola 100. Kwa miaka mingi hesabu ilifanywa hasa kwa idadi ya wasomaji waliolibofya tangazo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Google iliuhamisha utaratibu huo, ikawa hulipa hasa kwa idadi ya mara tangazo lilipoonyeshwa, hata kama hakuna aliyelibofya. Tunamwomba msomaji aikumbuke nukta hii ya mwisho, kwani tutaihitaji mbele.

Asili yake ni halali

Tukiupima mkataba huu kwa mizani ya fiqhi, tunauona hautoki nje ya milango inayojulikana. Kulipwa kwa kukodisha nafasi ili tangazo lionekane ni katika ijara, yaani kukodisha manufaa. Kulipwa kwa tokeo maalumu, kama mibofyo kadhaa, kunafanana na ju'ala, yaani ahadi ya ujira kwa atakayetimiza kazi fulani. Asili yake wanazuoni wengi wameitaja katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), pale lilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekirejesha chombo cha mfalme. Na ujira wa dalali nao unajulikana. Imamu Bukhari ameweka mlango wake katika kitabu cha ijara, akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan hawakuona ubaya ndani yake.

Wapo wanaosema: "Lakini kiasi cha malipo hakijulikani mwanzoni, na hiyo ni gharar." Tunajibu kwamba kipimo kinajulikana hata kama jumla haijulikani, kwani mwenye ukurasa na dalali wanajua sehemu ya kila mmoja wao, na hesabu inaandikwa na kuonekana kila siku. Watu hufanya biashara kwa utaratibu wa namna hii katika kazi nyingi, na haliishii katika ugomvi lile ambalo pande zote mbili zinaliona wazi.

Basi kijana aliyeandika habari zenye manufaa, akaweka tangazo la mbegu za mahindi, au la vitabu vya shule, au la nguo za sitara, akalipwa, huyo amekula jasho lake. Asimtishe mtu, wala asitishike.

Hoja ya "sikuchagua mimi"

Mgogoro uko pale tangazo linalotokea linapokuwa la kitu kilichoharamishwa: pombe, kamari, mikopo ya riba, wapiga ramli, picha za uchi. Hapo ndipo tunapoisikia hoja ya "sikuchagua mimi". Hoja hii ina babu wa heshima katika vitabu vya fiqhi, na haifai kuitupa bila ya kuitazama.

Imamu Abu Hanifa (r.a.) aliulizwa kuhusu mtu aliyeikodisha nyumba yake, katika vijiji vya Sawad ya Iraq ambako wakazi wengi hawakuwa Waislamu, kwa mtu atakayeuzia pombe humo. Yeye hakuona ubaya. Hoja yake ni kwamba mkataba umefungwa juu ya manufaa ya nyumba, na maasi ni kitendo cha mpangaji alichokifanya kwa hiari yake, kwa hiyo hakinasibishwi na mwenye nyumba. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye katika hilo, na wanazuoni wengi wa madhehebu mengine nao waliukataza ukodishaji wa namna hiyo.

Katika madhehebu yetu ya Kishafii, Imamu Nawawi ameigusa mas'ala inayofanana nayo katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani kizazi baada ya kizazi, nayo ni kumuuzia zabibu mbichi mtu anayekamua pombe. Mashekhe walioisherehesha wamepambanua baina ya hali mbili. Muuzaji akijua, au akiwa na dhana yenye nguvu, kuwa zabibu hizo zitafanywa pombe, kumuuzia ni haramu. Akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Kwa hiyo mizani yao ni ujuzi: unajua nini, na unakijua kwa kiasi gani?

Sasa tumtazame mwenye ukurasa wa mtandaoni. Je, ni mtu asiyejua? Siku ya kwanza pengine hajui. Lakini akiufungua ukurasa wake akaona tangazo la kamari, kesho akaliona, na keshokutwa akaliona tena, hawezi kusema ana shaka. Na je, ni mtu asiye na hiari? Hapa ndipo hoja inapoanguka kabisa. Huduma ya AdSense tuliyoitaja inampa mwenye ukurasa sehemu maalumu ya kufunga aina za matangazo asizozitaka, na sehemu ya kufunga anwani ya mtangazaji mmoja mmoja. Kadhalika ipo sehemu ya kuyapitia matangazo yaliyokwisha kuonekana na kuyazuia. Kamari na pombe zimewekwa katika kundi la pekee ambalo mwenye ukurasa ndiye wa kulifunga au kuliachia. Ufunguo uko mfukoni mwake. Mwenye ufunguo aliyeuacha mlango wazi hasemi kuwa mwizi hakualikwa.

Hata hoja ya Imamu Abu Hanifa, tukiichukua kama ilivyo, haimfai mtu huyu. Mpangaji wa Sawad alilipa kodi ya nyumba, na nyumba hufaa kwa kulala, kuhifadhi nafaka na mengineyo. Uuzaji wa pombe ulikuwa ni hiari iliyokuja baadaye. Ama mwenye ukurasa, yeye halipwi kwa nafasi tupu. Halipwi senti moja mpaka tangazo lenyewe lionekane, na sasa, kama tulivyotangulia kusema, hulipwa kwa kule kuonyeshwa kwenyewe. Kitendo cha kumwonyesha mtu mlango wa kamari ndicho hicho kinachouzwa. Basi dhambi itatenganishwaje na ujira?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Maida, aya ya 2, tusaidiane katika wema na tusisaidiane katika uovu. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, ametufahamisha kuwa mwenye kuombea jambo jema ana fungu lake katika jambo hilo, na mwenye kuombea jambo baya ana sehemu ya mzigo wake. Na tangazo ni nini kama si maombezi? Ni kumwambia msomaji: kitazame hiki, kiendee. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Anas (r.a.), laana ya pombe imewagusa watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo aliyeibeba, aliyebebewa na aliyekula thamani yake. Mwenye kuibeba hakuionja, lakini bila ya yeye isingefika.

Kamari ndiyo mtihani wa zama zetu

Tumetaja mambo mengi, lakini tuseme wazi kuwa lenye kutisha zaidi katika miji yetu leo ni kamari. Nenda kwenye kijiwe chochote cha bodaboda utawasikia vijana wakizungumza habari ya mkeka. Nao hawakusudii mkeka wa kusalia, bali ile karatasi ya kubashiri matokeo ya mpira. Neno la ibada limepokonywa likapewa kamari, nasi tumenyamaza.

Na kurasa za mpira ndizo zinazotafutwa mno na makampuni ya kubashiri, kwani msomaji wake ndiye mteja wao. Kijana anayeandika habari za ligi hukuta kuwa tangazo la kamari ndilo linaloletwa kwake kila mara, na pengine ndilo lenye malipo makubwa. Hatukatai kuwa huu ni mtihani mgumu kwa mtu mwenye dhiki. Lakini na atazame fedha hizo zinatoka wapi. Kampuni ya kamari hailimi wala haifumi. Kila shilingi inayomlipa mwenye ukurasa imetoka katika mfuko wa aliyeshindwa, na aliyeshindwa mara nyingi ni kijana mwenziwe wa mtaa wa pili, aliyecheza fedha ya mauzo ya bosi wake au ya dawa za mtoto. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratul-Maida, aya ya 90 na ya 91, kuwa kamari ni katika uchafu wa kazi ya shetani, na kuwa huleta uadui na chuki na humzuia mtu asimkumbuke Mola wake na asisali. Haya tunayaona kwa macho yetu katika nyumba zetu.

Wapo watakaosema: "Makampuni hayo yana leseni, na serikali imeyaruhusu." Ni kweli kwamba huku Tanzania Bara michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia. Lakini leseni ya serikali huondoa kosa la polisi, haiondoi hesabu ya Akhera. Na hata watawala wasioongozwa na Sheria ya Kiislamu wameanza kuliona dhara la matangazo hayo. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa muda wa siku 30, ya redio, televisheni, mabango na mitandaoni. Ikiwa bodi yenyewe iliyokuwa ikitoa leseni za kamari iliona haja ya kuyanyamazisha matangazo yake, Muislamu ana udhuru gani wa kuyapigia baragumu?

Kwa mizani hiyo hiyo tunaipima mikopo ya riba ya simu, ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na matangazo ya wanaodai kutabiri nyota na kurudisha wapenzi. Tangazo likiitia katika shirki, uharamu wake ni mkubwa kuliko wa pombe.

Wasomaji nao wamepatikanaje?

Kuna upande wa pili ambao hata wenye tahadhari huusahau. Tangazo laweza kuwa halali tupu, na chumo likawa haramu kwa namna wasomaji walivyopatikana.

Wapo wanaobofya matangazo ya kurasa zao wenyewe, au wakaunda makundi ya kubofyeana: nibofyee leo, nikubofyee kesho. Masharti ya dalali yanakataza jambo hili waziwazi, na mwenye kugunduliwa hufungiwa hesabu yake na fedha hurudishwa kwa watangazaji. Lakini hata asipogunduliwa, ni ghushi. Mwenye bidhaa amelipia jicho la mtu mwenye haja, naye ameuziwa kivuli. Tunakumbuka Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya chakula, ukakuta umajimaji chini yake. Mwenye nacho akasema ni mvua, naye akaambiwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainishiwa kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia ya Mtume. Mibofyo ya uongo ni umajimaji uliofichwa chini ya chungu.

Wapo pia wanaonakili kazi za wenzao neno kwa neno, hata mawaidha ya mashekhe, wakaziweka katika kurasa zao bila ya idhini ili zivute wasomaji. Na wapo wanaozusha vifo vya watu walio hai, au wakaandika vichwa vya habari vya uongo ili msomaji afungue tu. Uongo unaouzwa kwa senti ni uongo ule ule. Na anayemzulia mtu kifo, familia yake ikalia usiku kucha, hana budi kujua kuwa machozi yale yamo katika hesabu ya chumo lake.

Pingamizi ya wenye dhiki

Tukisema haya, vijana hutuambia: "Mashekhe, tukiyafunga yote hayo hakibaki kitu. Tovuti ina gharama: jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na nafasi ya kuihifadhi hulipiwa." Hili ni kweli, na mwenye insafu halikatai. Huku Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi milioni 1 za leseni, na baadhi yao walizifunga kurasa zao. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, basi anayetaka kuanza leo aulize kwanza katika ofisi za TCRA yanayomhusu. Hivyo hatusemi kuwa kuyafunga matangazo ya haramu hakuna hasara ya dunia. Hasara ipo. Lakini hasara si hoja ya kuhalalisha. Muuza duka anayekataa kuuza pombe naye hupata hasara, na hatujamruhusu.

Hata hivyo, lawama hii isiwaangukie vijana peke yao. Tunauliza: wafanyabiashara Waislamu wako wapi? Kariakoo ina maduka ya Waislamu, Zanzibar ina hoteli zisizouza pombe, kila mji una mshonaji wa kanzu, muuza vitabu na mwenye shule. Hawa hutumia fedha kuchapa mabango na kalenda, lakini hawajamwendea kijana wa msikiti wao aliye na wasomaji maelfu wakamwambia: tuwekee tangazo letu mwezi mmoja, tutakulipa kiasi kadhaa. Mkataba wa namna hiyo ni bora kwa pande zote. Mwenye ukurasa humjua anayemtangaza na anachokitangaza, ujira wote ni wake bila ya fungu la dalali, na fedha huzunguka mtaani petu. Tukiwanyima vijana mlango wa halali kisha tukawalaumu kwa kupita mlango wa shubuha, hatukuwafanyia uadilifu.

Yanayopasa kufanywa

Kwanza, mwenye ukurasa ayafunge matangazo ya haramu siku ya kwanza, kabla ya kupokea senti. Na kwa kuwa matangazo hutofautiana kwa kila msomaji, asitosheke na anayoyaona yeye. Awaombe jamaa walio miji mingine, na walio ng'ambo, wampelekee picha ya wanayoyaona, angalau mara moja kila mwezi, kisha afunge yanayostahiki kufungwa. Likipenya moja bila ya yeye kujua baada ya juhudi hiyo, tunataraji kuwa yumo katika wenye kusamehewa. Ama ikiwa dalali wake hampi uwezo wowote wa kufunga, amwache atafute mwingine.

Pili, aliyekwisha kuchuma kabla ya kujua, akadirie sehemu iliyotokana na haramu aitoe. Tuchukulie amepata shilingi 300,000, na akipima anaona kama thuluthi moja ya matangazo yalikuwa ya kamari: basi atoe shilingi 100,000, na akiwa na shaka azidishe. Azitoe kwa mafakiri na maslahi ya umma kwa nia ya kujitakasa, si kwa nia ya kutafuta thawabu ya sadaka. Wengine hujitetea kwa kigezo cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka vigezo vya mabenki ya Kiislamu, ambayo imewaachia wanunuzi wa hisa kununua katika kampuni ambayo mapato yake ya haramu hayazidi asilimia 5. Hawataji kuwa hata huko sehemu ya haramu lazima itolewe. Wala hawaoni kuwa mwenye hisa chache haiendeshi kampuni, ilhali mwenye ukurasa ndiye mwendeshaji wa ukurasa wake. Nafuu ya asiye na mamlaka haipewi mwenye mamlaka.

Tatu, kurasa za Qur'ani, za nyakati za Sala na za misikiti ziepushwe kabisa na matangazo ya dalali. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza na kununua ndani ya msikiti. Hatusemi kuwa ukurasa ni msikiti, lakini adabu inatosha kumzuia mtu asiweke aya pembeni ya tangazo ambalo hata yeye hajui litakuwa la nini. Kamati ya msikiti inayotaka kulipia tovuti yake iwaombe waumini. Shilingi 1,000 kwa kila muumini mara moja kwa mwaka yatosha na kubaki.

Nne, kamati zinapopokea mchango mkubwa kutoka kwa mtu mwenye chumo la namna hii, zisione haya kumuuliza kwa upole. Si kumdhalilisha, bali kumsaidia, na kumwelekeza pa kuipeleka sehemu isiyofaa.

Ndugu zetu, halali imebainika na haramu imebainika, na baina yao yapo yenye kutatiza ambayo mwenye kuyaepuka huisalimisha dini yake na heshima yake, kama tulivyofunzwa katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.). Intaneti haikuleta dini mpya wala haikufuta ya zamani. Tumwombe Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake tusihitajie haramu Yake, awafungulie vijana wetu milango ya riziki njema, na awape matajiri wetu nyoyo za kuwaona. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.